Njia Inapofunguliwa: Kutoka Kwihara hadi Namugongo



Kila mwaka, Pasaka ikiisha kupita, swali moja huanza kuzunguka katika jumuiya zetu ndogo ndogo: je, mwaka huu tunakwenda Namugongo? WAWATA huuliza, vijana huuliza, wanakwaya huuliza kwa sauti kubwa kuliko wote. Michango huandikwa daftarini, basi hutafutwa, na wale ambao hawajawahi kuvuka mpaka huanza kuulizia hati za kusafiria. Wengine hawafikirii hija bali likizo: kwenda nyumbani kwa wazazi wakati wa Krismasi, kuwapeleka watoto Bagamoyo wakaione bahari, au kwenda Kigoma kwa treni. Yote hayo ni mema. Mwanadamu aliumbwa na miguu, na Maandiko Matakatifu yamejaa watu walio njiani.

Juma hili tunapenda tuitafakari safari kwa jicho la historia, kwa sababu sisi tunaoishi Tabora tunakaa juu ya njia. Mji wetu usingekuwepo kama pasingekuwa na njia. Na njia hiyo, katika muda wa miaka mia mbili, imefungwa na kufunguliwa mara nyingi: kwa vita, kwa maradhi, kwa amri za wakubwa. Miaka michache iliyopita tuliiona ikifungwa na kufunguliwa tena mbele ya macho yetu. Swali letu ni hili: njia inapofunguliwa, Mkristo aondoke namna gani?

NJIA YETU YA KALE

Watu wengi wakisikia habari za misafara hudhani kwamba njia ya kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji ilitengenezwa na wageni. Sivyo. Wanyamwezi wenyewe walikuwa wamekwisha kushuka pwani na pembe za ndovu mwanzoni mwa karne ya 19, kabla wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili hawajaweka makazi hapa Unyanyembe. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800, na msafara ulihitaji takribani miezi mitatu. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, mara nyingine zaidi, pamoja na chungu chake na mkeka wake. Mbele alitangulia kirangozi, na katika nchi za watawala mbalimbali msafara ulilipa hongo ndipo uruhusiwe kupita.

Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakaingia Kazeh, yaani Tabora hii yetu, tarehe 7 Novemba mwaka huo huo. Leo basi la asubuhi kutoka Dar es Salaam hutufikisha siku hiyo hiyo, nasi hulalamika kwamba limechelewa!

Hatuna budi kusema pia lile linalouma. Njia hiyo hiyo iliyopitiwa na wapagazi wa ujira, watu huru waliojivunia kazi yao, ilipitiwa na watumwa waliokuwa hawarudi. Soko la watumwa la Zanzibar halikufungwa hadi mwaka 1873. Kwa hiyo tusiisifu njia kwa sababu tu ni ya kale. Njia haichagui nani apite, wala abebe nini.

MIEZI YA KUNGOJA KWIHARA

Tulipokuwa waseminari pale Kipalapala, tulizoea kwenda kwa miguu hadi Kwihara kuitazama ile nyumba ya udongo, tembe, ambamo aliishi Dk. Livingstone. Wakati ule tuliona nyumba tu. Baada ya miaka ya ugonjwa wa UVIKO-19 tuliirudia, na safari hii tuliona jambo jingine: nyumba ya mtu aliyezuiwa kusafiri.

Mwaka 1871 njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa. Mtemi Mirambo alikuwa katika vita na Waarabu wa Unyanyembe, na misafara haikuweza kupita katika eneo lake. Mwandishi wa habari Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alijiunga na Waarabu katika shambulio la mwezi Agosti, wakashindwa. Ndipo akajifunza lile ambalo wenye haraka hujifunza kwa gharama: hakuifungua njia kwa bunduki, bali alizunguka kusini. Aliondoka Kwihara mwezi Septemba na kufika Ujiji mwezi Novemba. Shaw, mwenzake Mzungu, alishindwa kuendelea kwa ugonjwa, akarudishwa Kwihara, akafa huko.

Tarehe 18 Februari 1872 Stanley na Livingstone waliingia Kwihara pamoja. Karibu mwezi mmoja baadaye, tarehe 14 Machi, Stanley aliondoka kwenda pwani, na Livingstone akabaki. Hakuwa na watu wa kuendelea na safari. Ilimbidi angoje hadi Stanley afike pwani, akusanye wapagazi, awatume, nao watembee miezi mingine hadi Tabora. Walifika mwezi Agosti. Tarehe 25 Agosti 1872 Livingstone aliondoka Kwihara kwa safari yake ya mwisho.

Zaidi ya miezi mitano ya kungoja! Mtu aliyezoea kutembea nchi nzima alikaa katika nyumba moja akihesabu siku. Wangapi kati yetu tulikaa hivyo mwaka 2020?

MZIGO USIOANDIKWA DAFTARINI

Mwenye msafara alikuwa na daftari. Humo aliandika vitambaa, shanga, waya wa shaba, baruti. Lakini kila msafara ulikuwa na mzigo mwingine ambao haukuandikwa. Ndui ilisafiri na wapagazi. Burton aliandika juu ya msafara uliokumbwa na ndui, na juu ya maiti na mifupa aliyoikuta kando ya njia. Mgonjwa aliyeshindwa kutembea aliachwa. Hakuachwa kwa sababu wenzake walikuwa wanyama, bali kwa sababu msafara ulikuwa umepangwa pasipo kumpangia mgonjwa nafasi. Vitambaa vilikuwa na mtu wa kuvibeba. Mgonjwa hakuwa naye.

Kipindupindu nacho kilijua njia. Daktari James Christie, aliyekuwa Zanzibar wakati wa mlipuko wa mwaka 1869 na 1870, aliandika kitabu kizima kilichotolewa mwaka 1876 akionyesha jinsi ugonjwa huo ulivyofuata njia za biashara na za mahujaji, kutoka nchi hadi nchi, mpaka ukafika pwani yetu na kisiwani. Aliuliza maswali kwa wafanyabiashara na wasafiri, akaunganisha habari zao kama mtu anayefuata nyayo. Alichokiona ni kwamba mahali mtu anapoweza kufika, ugonjwa wake nao unaweza kufika.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mwendo wa miezi ukawa mwendo wa siku. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini ilipokuja ile homa kuu ya mwaka 1918, wakati vita vinakwisha na askari na wapagazi wanarudi makwao, ugonjwa nao haukuhitaji tena kutembea kwa miguu.

TULIYOYAONA SISI WENYEWE

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini mwetu alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alikuwa msafiri. Shule zikafungwa. Mwezi Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa. Tarehe 18 Mei anga likafunguliwa tena, na kufikia mwisho wa Juni shule zote zilikuwa zimefunguliwa. Makanisa yetu hayakufungwa. Tuliweka ndoo za maji mlangoni, tukaacha kupeana mikono wakati wa kutakiana amani, tukasali. Usiku wa tarehe 27 Machi, Baba Mtakatifu Fransisko alisimama peke yake katika uwanja mtupu wa Mt. Petro huku mvua ikinyesha, akatafakari Injili ya dhoruba ziwani (Mk 4:35-41). Waliomwona katika televisheni hawatasahau.

Kwa majirani zetu hali ilikuwa nyingine. Uganda ilisimamisha ibada za hadhara mwezi Machi 2020, na tarehe 3 Juni mwaka ule Namugongo, ambako kwa kawaida hufika umati mkubwa, hapakuwa na mahujaji. Mwaka 2021 waliruhusiwa wachache tu. Mipakani, madereva wa malori walikaa siku nyingi wakisubiri vipimo. Mwezi Agosti 2020 Kenya ilipofungua anga lake bila kuiweka Tanzania katika orodha, nchi yetu nayo ikazuia ndege za Kenya Airways, hadi mambo yalipopatanishwa mwezi Septemba.

Hapa nchini, tuseme ukweli mbele ya Mungu, wengi wetu tulidhani kwamba njia ikiwa wazi basi hatari imekwisha. Tulisafiri kwa arusi, kwa misiba, kwa likizo. Mwezi Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilitoa waraka likionya juu ya wimbi jipya na kuwataka waamini wajikinge. Mwezi Machi mwaka huo Katibu Mkuu wa Baraza alieleza kwamba katika muda wa miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki, wengi wakiwa wameugua kwa shida ya kupumua. Hao walikuwa walimu wetu, waungamishi wetu, wauguzi wetu. Wengine tuliwazika haraka. Wengine hatukuwafikia kabisa.

Nasi tunaoandika haya tunayo toba yetu. Katika miezi ile tulikwenda mahali fulani kuhubiri semina kwa furaha, kwa kuwa barabara ilikuwa wazi na tulikuwa tumealikwa. Tulikuwa na kikohozi kidogo. Tukasema ni vumbi la barabarani. Tulikaa mezani na mzee mmoja, katekista mstaafu, tukala naye, tukacheka naye. Majuma mawili baadaye tukaletewa habari ya kifo chake. Kama tulimpelekea ugonjwa sisi au la, Mungu peke yake ndiye ajuaye. Lakini tunajua kwamba kabla ya kuondoka tulikagua kila kitu: vazi la Misa, vitabu, nauli. Yule mzee hatukumfikiria.

Chanjo zilianza kutolewa nchini mwishoni mwa Julai 2021. Mwezi Machi 2022 serikali iliwaondolea sharti la kipimo wasafiri waliokamilisha chanjo. Mwezi Juni mwaka huo mahujaji walirudi Namugongo kwa wingi. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena. Njia ikawa wazi.

Lakini ndugu zangu, angalieni: wakati ule ule mkoa wa Kagera ulikuwa katika mlipuko wa ugonjwa wa Marburg, uliotangazwa mwezi Machi 2023 na kutangazwa kuwa umekwisha tarehe 2 Juni, yaani mkesha wa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Mwezi Januari 2025 ukatokea tena, huko Biharamulo, ukaisha mwezi Machi. Anayekwenda Namugongo kutoka kwetu kwa kupitia Biharamulo na Mutukula anapita katika njia hiyo hiyo.

WALIOMBEBA MAREHEMU

Turudi Kwihara. Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873, mbali sana, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Susi na Chuma, pamoja na wenzao, wangeweza kumzika pale wakarudi makwao. Badala yake waliukausha mwili wake, wakaufunga, wakaubeba. Mwezi Oktoba waliingia Kwihara, wakamkuta Mwingereza Cameron, aliyewashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Mbele ya safari, katika kijiji kimoja, watu waliogopa maiti kupitishwa katika nchi yao. Basi wakatengeneza furushi la uongo lililofanana na maiti, wakajifanya wanalirudisha nyuma, na mwili wenyewe wakaufunga kama mtumba wa vitambaa ndipo wakapita. Mwezi Februari 1874 walifika Bagamoyo, ambako misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, iliupokea mwili ule. Marehemu hakuwa Mkatoliki. Hakuna aliyeuliza.

Tunapousoma mwendo huo tunaona jambo la ajabu. Njia ile ile iliyozoea kumwacha mgonjwa aliye hai kando ya barabara, mara hii ilimbeba hata mfu, kwa muda wa miezi tisa. Njia haikubadilika. Mvua na hongo vilikuwa vile vile, na woga wa watu ulikuwa ule ule. Tofauti ni kwamba watu wale waliamua kabla ya kuondoka ni nani hataachwa.

WALIOBAKI WAKILINDA IMANI

Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu huwaita Mapadre Weupe, walipita hapa mwaka huo wa 1878. Shirika lao lenyewe lilizaliwa katika maradhi: Kardinali Lavigerie alilianzisha mwaka 1868 huko Algiers, wakati ambapo njaa na kipindupindu vilikuwa vimewaacha yatima wengi ambao aliwakusanya na kuwalea. Msafara wao wa kwanza wa watu kumi uliondoka Bagamoyo mwezi Juni 1878. Padre Joachim Pascal, aliyekuwa mkuu wa kundi la Tanganyika, alifariki njiani mwezi Agosti, kabla ya kuiona Tabora. Hapa kwetu waligawanyika: wengine wakaenda Ujiji, wengine wakaelekea kaskazini, na tarehe 17 Februari 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans walifika Buganda.

Basi Namugongo na Tabora zimeunganishwa na njia moja. Lakini sikilizeni yaliyofuata. Mwezi Novemba 1882 hali ilikuwa ngumu, wamisionari wakaondoka Buganda na kurudi kusini ya ziwa, wakakaa huko hadi mwaka 1885. Njia ya padre ilifungwa. Waamini wachache waliobaki, wengi wao wakatekumeni, hawakuwa na Misa wala mwungamishi. Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba waliwafundisha wenzao. Kaggwa alikuwa amekwisha kujulikana kwa jambo jingine: tauni ilipoingia Buganda miaka ile ya mwanzo ya 1880, hakukimbia, bali aliwahudumia wagonjwa na kuwabatiza waliokuwa karibu kufa. Mapadre waliporudi walikuta Wakristo wamezidi kuliko walivyowaacha. Mwaka uliofuata, 1886, wengi wao walitoa uhai wao, na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza 22 kati yao kuwa watakatifu.

Kwa hiyo tunapopanga kwenda Namugongo, tunakwenda kuwaheshimu watu ambao utakatifu wao ulikomaa wakati njia imefungwa. Asiyeweza kusafiri mwaka huu, kwa kukosa nauli, kwa ugonjwa, kwa kumwuguza mama yake, hajapoteza hija. Huenda yeye ndiye aliye karibu zaidi na Andrea Kaggwa kuliko sisi tutakaopiga picha mbele ya kanisa.

TUFANYE NINI BASI?

Hatusemi msisafiri. Padre anayewaambia watu wa Tabora wasisafiri ni sawa na anayewaambia samaki wa Tanganyika wasiogelee. Tunasema tupange kama watu waliojifunza.

Kwanza, kamati ya hija ianze na orodha ya wasioweza kwenda, ndipo iandike ya wanaokwenda. Kila mwenye kiti katika basi achukue jina la mgonjwa mmoja au mzee mmoja wa jumuiya yake, amtembelee kabla ya kuondoka, achukue nia zake, na akirudi amletee maji, picha takatifu, na habari. Hivyo hatakuwa ameachwa kando ya njia.

Pili, tuulize hali ya afya ya huko tuendako na ya huko tupitako, kwa wahusika na si kwa uvumi wa simu. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano tusikinunue mlangoni, tuchanjwe kweli. Na mwenye homa siku ya kuondoka abaki, arudishiwe nauli yake yote, wala asionekane kama mwenye imani haba. Nauli hiyo tuitenge tangu mwanzo, ili mgonjwa asilazimike kuficha ugonjwa wake kwa kuogopa hasara.

Tatu, kabla ya likizo za kustarehe, twende makaburini. Wengi wetu tuna ndugu waliozikwa mwaka 2020 na 2021 bila sisi kuwepo. Safari ya kwenda kuweka msalaba, kufyeka majani, na kuombea Misa mahali pale ni deni, na deni hulipwa kwanza.

Sisi nasi tumelipanga letu. Mwaka huu, kabla ya mwezi wa Juni, tutakwenda katika kijiji cha yule katekista mstaafu. Tutaadhimisha Misa, tutakaa na mjane wake, na tutamwambia yale tuliyoyaandika hapa. Hatujui atatujibu nini. Safari hiyo ni fupi kuliko ya Namugongo, lakini kwetu ni ndefu zaidi, na tumeiahirisha mno. Mtuombee.

Wale wanafunzi wawili wa Emau (Lk 24:13-35) hawakupanga kukutana na Bwana. Walipanga tu kufika kwao kabla ya giza. Lakini walimkaribisha mgeni aliyekuwa njiani pamoja nao, na kwa kumjali yeye walimtambua. Mungu atujalie sisi tulio juu ya njia hii ya kale tusafiri hivyo.

Watakatifu Mashahidi wa Uganda, mtuombee. Dominika njema, na Tumsifu Yesu Kristo!